Kabla Hujaing'oa Pampu

Mwanangu, weka spana chini kwanza. Pampu haitakimbia. Umenipigia simu usiku, sauti imepanda, unaniambia Pontiac GTO yako ya 1967 imechemsha tena pale barabara ya Woodward, na kwamba umeshaagiza pampu nyingine ya maji kwa kuwa hii uliyoifunga mwezi wa tano lazima ni mbovu. Nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa na wewe nisikilize, taratibu, maana maneno haya nimeshawaambia wengi, wa Mombasa na wa hapa Michigan, na karibu wote walinunua spea kwanza ndipo wakaja kuuliza. Nimechoka kuyarudia, lakini afadhali niyarudie kuliko nikuone unaiua injini nzuri.

Pampu ya maji ndiyo spea inayosingiziwa kuliko zote katika haya magari ya zamani ya V8. Sababu yake naijua. Iko mbele, inaonekana, inauzwa kila mahali, na mtu mwenye spana na siku nzima ya mapumziko anaweza kuibadilisha. Rejeta iliyoziba ndani haionekani. Tope lililoganda nyuma ya bloki halionekani. Taimingi iliyorudi nyuma haionekani. Basi mtu anaikamata ile iliyo karibu na mkono, anaifunga mpya, gari linachemsha vilevile, na yeye anaamini ameuziwa pampu mbovu.

Kabla ya yote, hakikisha kama kweli linachemsha. Geji ya gari lenye umri wa baba yako haistahili kuaminiwa peke yake. Chukua kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu, upime pale thamostati ilipokaa, injini ikiwa moto. Thamostati nyingi za injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, nyingine 91. Kama yako ni ya 82, usitarajie injini ikae chini ya hapo, na ikifika 95 kwenye foleni ya Agosti, hiyo ni injini iliyo kazini, haijaugua. Maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti, chini ya mfuniko wa rejeta wenye presha ya psi 15, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 129. Maji matupu bila presha yanachemka 100. Kwa hiyo mfuniko ule unaoupuuza, ambao mpira wake umekauka na springi yake imelegea, unakunyang'anya sehemu kubwa ya nyuzi hizo za usalama. Anza nao. Ndio wa bei ndogo kuliko vyote.

Na tukiwa hapo kwenye mfuniko: usiufungue injini ikiwa moto. Najua umeshaambiwa. Walioungua nao walikuwa wameshaambiwa. Nimemwona fundi mzoefu, mtu wa miaka mingi gerejini, akiungua shingo na kifua kwa sababu alitaka tu kuangalia kama maji yamepungua. Rejeta iliyofungwa inashika maji yaliyozidi kiwango cha kuchemka bila kuchemka; ukiiachia presha, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia. Ukiweza kuufinya mpira wa juu kwa kiganja bila kuungua, na ukauona haujajaa presha, hapo ndipo unaweza kuugusa mfuniko.

Sasa swali lenyewe. Linachemsha lini? Linachemsha likisimama kwenye taa na kupoa likipata mwendo, au linatulia mjini na kuchemsha barabara kuu? Majibu haya mawili yanakupeleka pande mbili tofauti kabisa, na ukiyachanganya utabadilisha vitu mpaka hela iishe. Wewe umesema Woodward. Kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, tangu 1995, maelfu ya magari ya zamani hujipanga kwenye barabara ile kutoka Ferndale hadi mji wa Pontiac na kutambaa siku nzima juani. Ni barabara hiyohiyo ambako vijana wa miaka ya 1960 walishindana kwa kasi, usiku, hewa ikiwa ya baridi. Leo tunaziomba injini zilezile zisimame saa nzima kwenye joto. Si ajabu zikalalamika, na malalamiko ya kusimama karibu kila mara ni malalamiko ya hewa.

Gari likienda maili 40 kwa saa, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa. Likisimama, rejeta inaitegemea feni peke yake. Angalia basi kava la feni, lile duara linaloziba nafasi kati ya feni na rejeta. Katika magari mengi ninayoletewa, halipo. Lilivunjika mwaka fulani, mwenye gari akalitupa, akaona injini inaonekana vizuri zaidi kwenye maonyesho. Bila kava, feni haivuti hewa kupitia rejeta nzima. Inavuta kipande kidogo tu mbele yake na kuizungusha tena hewa ya moto iliyotoka kwenye injini. Lirudishe. Hakikisha mapanga ya feni yameingia nusu ndani ya kava na nusu yamebaki nje, upande wa injini. Kisha angalia klachi ya feni. Zima injini ikiwa moto, imezimwa kabisa narudia, halafu izungushe feni kwa mkono. Ikikukinza, ni nzima. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kwa raha, imekwisha, na mara nyingi utaona mafuta mazito yamechuruzika katikati yake na kuokota vumbi. Pampu mpya haiwezi kukusaidia hapo hata ukifunga kumi.

Jambo la pili la kusimama ni taimingi, na hapa vijana wengi hunitazama kama nimepotea, kwa hiyo nitakwenda polepole zaidi. Injini inayowasha mafuta kwa kuchelewa hupeleka moto kwenye ekzosi badala ya kuumalizia juu ya pistoni. Njia za ekzosi ndani ya silinda hedi zimezungukwa na maji. Joto lililopaswa kusukuma gari linaingia kwenye maji hayo, na rejeta inabebeshwa mzigo usio wake. Kile kidude cha vakyumu ubavuni mwa distribyuta ndicho kinachosogeza taimingi mbele injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kama bomba lake limeunganishwa mahali panapopata vakyumu wakati huo. Watengenezaji wa magari wa Detroit walilijua hili vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walipoanza kurudisha taimingi nyuma kwenye sailensa ili kupunguza moshi mchafu, baadhi ya magari waliyafungia swichi ya joto: injini ikizidi kupata moto, swichi inapeleka vakyumu kamili kwenye distribyuta, taimingi inasogea mbele, injini inapoa. Halafu miaka ikapita, mtu asiyejua kazi ya swichi ile akaing'oa na kuziba bomba kwa skrubu. Tangu hapo gari linachemsha kwenye taa na kila mwenye gari ananunua pampu. Washa taa ya taimingi, mwanangu. Dakika kumi tu. Nimeona magari yaliyoteswa miaka yakipona kwa kuhamisha kipande kimoja cha bomba la mpira.

Ukiniambia linachemsha barabara kuu, hapo tunazungumza lugha ya maji. Rejeta iliyoziba inatosheleza mjini, lakini injini ikidai nguvu inashindwa. Pima uso wa rejeta kwa kipimajoto kilekile, kipande kwa kipande. Pale utakapokuta baridi katikati ya moto, mirija imekufa. Tazama pia mpira wa chini. Huo ni upande wa kunyonya, na ukilainika kwa uzee pampu inaunyonya mpaka unabana kama umekanyagwa. Gari likisimama unajaa tena, na wewe ukifungua boneti huoni kitu. Mtu akae kwenye usukani apandishe mzunguko taratibu, wewe utazame mpira huo kwa taa ukiwa pembeni, mbali na feni. Mipira mingi ilikuwa na springi ya chuma ndani kuizuia isibane. Springi ikiliwa na kutu, au aliyebadilisha mpira akaiona haina kazi akaitupa, hayo ndiyo matokeo yake.

Mkanda uliolegea unajulikana, sitakaa hapo.

Lakini nitakaa kwenye bloki, maana hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Ubavuni mwa bloki, chini, kuna plagi ya kumwagia maji. Ifungue injini ikiwa baridi. Katika bloki safi maji yanatoka kwa nguvu. Katika bloki ambalo limenyweshwa maji ya bomba kwa miongo, plagi inatoka na hakuna kinachofuata. Tundu limekauka kabisa, ingawa ndani maji yamejaa. Chukua waya mgumu, chokoa. Kwanza unatoka uji wa kahawia, mzito, wenye chembechembe. Ni kutu, ni chokaa, wakati mwingine ni mchanga uliobaki tangu bloki lilipomiminwa kiwandani. Chokoa tena. Ndipo maji yanaanza kuchuruzika, meusi. Tope lile linakaa zaidi chini na nyuma, kuzunguka silinda za mwisho, mbali na geji, kwa hiyo geji inaweza kusoma vizuri huku silinda ya nyuma inaokwa. Hakuna pampu inayosukuma maji kupita kwenye udongo. Suuza mpaka yatoke meupe, na ukirudishia, tia maji yaliyosafishwa na kulanti nusu kwa nusu. Hapa Michigan lazima, maana maji matupu yakiganda Januari yanapasua bloki, na mchanganyiko huo unahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Kule Mombasa hayagandi, ndiyo, lakini chuma kinapata kutu vilevile, na sili ya pampu inakwisha mapema.

Na tabia moja tuliyotoka nayo nyumbani naomba uiache. Kwetu gari likichemsha, fundi wa kwanza anang'oa thamostati na kuitupa. Utasikia na hapa wanasema maji yakienda haraka hayapati muda wa kupoa, wengine wanasema kinyume chake. Maji yakienda haraka yanabeba joto vizuri. Hilo lisikutie wasiwasi. Tatizo la kuiondoa thamostati ni lingine. Ile kuzuia kwake kidogo kunaipa pampu kitu cha kusukumia, presha ndani ya bloki inapanda, na presha hiyo inazuia maji yasichemke kwenye zile sehemu zenye moto mkali ndani ya silinda hedi. Ukiiondoa, gari linachelewa kupata moto asubuhi, linakunywa mafuta, na mchana linaweza kuchemsha bado. Kwenye Ford za 351 Cleveland, zilizotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1974, kosa hilo ni kubwa zaidi. Chini ya thamostati yao kuna kisahani cha shaba chenye tundu, na thamostati yao halisi ina kofia chini yake inayoshuka na kuliziba tundu hilo injini ikipata moto. Ukiiondoa, au ukaweka thamostati ya Ford nyingine inayofanana nayo, tundu linabaki wazi, na maji ya moto yanarudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Lawama anaipata nani? Pampu.

Haya, tuseme umeyapitia yote hayo kwa uaminifu na bado. Sasa ihoji pampu. Toa mkanda, shika feni, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwisha, usibishane nayo. Chini ya shafti tazama kitundu kidogo. Kipo kwa makusudi: sili ya ndani ikianza kufa, maji yanatokea hapo ili uonywe kabla hayajaingia kwenye beringi. Alama ya kijani au ya kutu chini yake ni onyo tosha. Kuna watu, Mungu awasamehe, wanaoziba kitundu hicho kwa gundi ya chuma na kumwuzia mwenzao gari. Maji yanaosha grisi, beringi inakwama au shafti inakatika, na feni inaingia kwenye rejeta ikiwa inazunguka. Ukiona gundi hapo, usiliendeshe gari hilo hata kulipeleka nyumbani.

Na kwako wewe mwenye Pontiac, kuna kitu ambacho nina hakika aliyekuuzia pampu hakukuambia. Nyuma ya pampu, kabla ya kava la mbele la injini, kuna bati jembamba la chuma. Linatenganisha maji yanayoingia na yanayotoka. Impela ya pampu inazunguka mbele yake, karibu sana, bila kuligusa. Ukaribu huo ndio pampu yenyewe. Bati likiliwa na kutu likatoboka, au mtu akalisahau chini ya meza, au pampu mpya imetengenezwa impela yake ikiwa nyuma zaidi kuliko ya zamani, maji yanapita kwenye pengo na kurudi yalikotoka, na pampu nzima kabisa inabaki inatwanga maji kinuni. Hivi ndivyo unavyopima. Chukua udongo laini wa watoto wa kuchezea, ubandike kwenye mapanga ya impela, funga pampu na gasketi yake, kaza, zungusha mara moja, fungua. Pima unene wa udongo uliobaki. Ukikuta kama milimita moja hivi, uko salama. Ukikuta mara tatu ya hapo, umekipata unachokitafuta, na dawa yake ni kulikunja bati taratibu, kidogo kidogo, kuelekea kwenye impela, ukipima kila mara. Siku hizi yanauzwa ya chuma kisichoshika kutu. Nunua hilo, lile la zamani usilipigie magoti. Na uangalie kabla hujalipa: Pontiac ya mwaka wako inachukua pampu ya bolti 8, zile za kuanzia 1969 zina bolti 11.

Rafiki yako mwenye Chevelle mwambie naye. Chevrolet walitumia pampu fupi mpaka 1968. Kuanzia 1969 magari yao mengi, ukiondoa Corvette, yakapewa ndefu, na puli zake ni nyingine. Ukichanganya, mkanda unakwenda upande, unalika, unalia, na beringi mpya inachakaa kabla ya msimu kwisha. Na kama una rafiki mwenye Mustang ya 1969, naye kama amechukua pampu ya Mustang ya miaka ya 1980, iliyoendeshwa na mkanda mpana wa bapa, aitoe leo. Ile inazunguka kinyume. Kwa macho zinafanana, zinafunga, na maji yanatembea kidogo, kiasi cha kumdanganya mtu. Naye akizifungua bolti za pampu hiyo aende kwa upole na mafuta ya kulainisha, maana zinapita kwenye maji mpaka ndani ya bloki, zinashikwa na kutu na kukatika. Na kama hedi zimewahi kufunguliwa, aulize gasketi zilikaa vipi. Zimeandikwa neno la kuonyesha upande wa mbele, na moja ikigeuzwa, maji yanapanda mbele badala ya kufika nyuma kwanza, na silinda za nyuma zinaachwa.

Kama kila kitu kiko sawa na bado maji yanatoa mapovu, pima moshi wa ekzosi ndani ya rejeta kwa ile dawa ya buluu. Ikigeuka manjano, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka, na hiyo ni kazi nyingine, tutaizungumza ana kwa ana.

Kesho ni Jumapili. Anza na mfuniko, kisha kava la feni, kisha taa ya taimingi. Ukimaliza, jaza maji taratibu, gari limeinuliwa pua, hita imefunguliwa, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, uiache ingurume mpaka mpira wa juu upate moto; hapo thamostati imefunguka na maji yatashuka, uongeze, ufunge. Halafu liendeshe, na ukinipigia nataka vitu vitatu: lilipata nyuzi ngapi, lilikuwa limesimama au linakwenda, na taimingi uliikuta wapi. Hiyo pampu uliyoagiza iache ndani ya boksi lake na risiti juu, wanarudisha ndani ya siku 30.